Miguu ya Kasha la Kelele

"Urefu gani?" seremala aliuliza kwa mara ya tatu, penseli sikioni, futi mkononi, na kwa mara ya tatu ndugu wawili waliosimama mbele yake wakageuza macho, mmoja akitazama rundo la mbao, mwingine akitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi la msumeno.

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Mzee wa watu alitaka tu kujua miguu ya stendi iwe mirefu kiasi gani. Lakini miguu ya stendi hupimwa kwa mtu atakayeitumia, kama atasimama au atakaa, na hilo ndilo jambo ambalo dada mtu alikuwa amelikwepa miezi sita mizima, tangu daktari alipowaeleza kwamba ugonjwa wa misuli wa mdogo wake ungeanza na vidole, ushuke miguuni, kisha upande kifuani, na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha ulikotoka.

"Mirefu," dada akasema mwishowe. "Ya mtu aliyesimama. Tena uongeze kidogo."

"Niongeze ya nini?"

"Ya akiba. Ikizidi tutapunguza."

Mdogo wake akaangua kicheko. "Dada, nina miaka thelathini na tatu. Sirefuki tena mimi."

Alikuwa na haki ya kucheka. Dada huyu alikuwa fundi cherehani, na mama yao alipofariki yeye akiwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake saba, alimlea kwa cherehani hiyo hiyo. Suruali za shule alimshonea na pindo nene la akiba, na kila mwaka ulipoanza alilikunjua kidogo. Mtoto akaenda shule miaka na miaka na suruali zenye mistari ya mikunjo ya zamani, na wenzake wakawa wanahesabu mistari hiyo kujua yuko darasa la ngapi. Kwa dada, kumpenda mtu na kumwachia pindo vilikuwa kitu kimoja.

"Mbao si kitambaa, fundi mwenzangu," seremala akamwonya. "Nikishakata nimekata. Siwezi kukunjua."

"Ndiyo maana nakwambia iwe mirefu."

Hapo dada alikuwa amemshika. Seremala akaandika. Watu walimwita Nusu Inchi, kwa sababu hakuna kazi aliyowahi kuikabidhi bila kurudi nyuma hatua mbili, kufumba jicho moja na kuuliza, "Ipo sawa, au nipunguze nusu inchi?" Ukimjibu ipo sawa, alionekana kama mtu aliyenyimwa chakula.

Mdogo mtu naye alikuwa na jina lake la mtaani. Aliitwa Kelele, na jina lilimkaa. Zamani alipiga gita kwenye bendi ya kumbi za harusi. Vidole vilipoanza kumgomea, nyuzi zikawa zinamponyoka katikati ya wimbo, akampa mwenzake lile gita na akaanza kukusanya vipande vya mashine ya sauti alivyoviita moduli. Kila moduli ilikuwa na uso wa bati wa upana wa kiganja au zaidi, uliojaa vitufe vya kuzungusha na matundu ya kuchomekea nyaya. Moja ilitoa sauti, nyingine ikaipunguza makali, nyingine ikairudia rudia mpaka ikafifia. Mwenyewe ndiye aliyeamua ipi iunganishwe na ipi, na zikishaunganishwa zilicheza zenyewe, kazi yake ikawa kugeuza kitufe hapa na pale.

"Gita linataka vidole kumi," alikuwa akisema. "Hii inaridhika na kimoja."

Wiki ya kwanza jirani wa ukuta mmoja alibisha hodi kuuliza kama friji yao imeharibika. Kelele alicheka siku nzima, na kuanzia hapo kila alipopata sauti nzuri alisema, "Leo friji imepona."

Tatizo ni kwamba moduli zote ziliishi ndani ya boksi la sabuni, nyaya zikining'inia nje, na boksi lilikuwa juu ya kiti. Ndipo wakaanza kutafuta kasha na stendi. Dukani waliona makasha ya bati yenye vipini, mazuri kweli, lakini Kelele alipojaribu kuinua moja alilirudisha haraka na kusema rangi haimpendezi. Dada aliona mikono ilivyotetemeka, naye akasema rangi kweli ni mbaya. Waliona stendi za vinanda zenye miguu ya kupishana kama mkasi. Ukigusa tu, zinayumba. Basi dada akatoa wazo lake la fahari, kwamba nyumbani ana chuma cha cherehani yake ya zamani ya kukanyaga, chuma kizito kisichotikisika, kasha litakaa pale kama limezaliwa pale.

"Kile ni cha mtu aliyekaa," Kelele akajibu. "Mimi bado nasimama."

Hakupandisha sauti. Dada hakukitaja tena kile chuma, na ndivyo walivyofika kwa Nusu Inchi.

Vipimo vya kasha alivichukua dada mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na futi. Alizipanga moduli zote kitandani, akapima upana, akapima urefu, akaagiza safu mbili ingawa moduli zilizokuwepo zilitosha safu moja na nusu.

"Na hilo pengo?" Kelele akauliza.

"Utaongeza nyingine."

Kelele akasema sawa. Dada akaandika vipimo kwenye karatasi ya daftari la wateja, na baada ya siku nane Nusu Inchi akaleta kasha begani. Lilikuwa limepigwa msasa mpaka linateleza, pembe zake zimeungana bila msumari hata mmoja, na lilikuwa jembamba kama sinia. Moduli ya kwanza ilipowekwa iligonga ubao wa nyuma na kubaki imechomoza nje vidole vinne.

"Nimefuata karatasi," Nusu Inchi akajitetea, akaitoa mfukoni. Karatasi ilikuwa na upana, ilikuwa na urefu, na haikuwa na kitu kingine.

"Kina hukuandika, Dada," Kelele akasema, na midomo tayari inamcheza.

"Kitambaa kina kina gani mimi nikiandike!"

Siku hiyo Kelele alicheka mpaka ikabidi akamatwe mabega asianguke. Miaka ishirini na zaidi dada huyu alipima watu kwa upana na urefu, na haikumjia akilini kwamba kuna vitu vina unene wa ndani. Alikasirika, kisha akacheka yeye pia, na baadaye, alipokuwa peke yake, aliukumbuka uzito wa mdogo wake mikononi mwake wakati ule wa kicheko, jinsi ulivyokuwa mdogo, akakaa chini akalia.

Nusu Inchi alilitoboa kasha nyuma na kulibandikia sanduku la pili, likawa na tumbo. Tangu hapo lilijulikana kama mjamzito, na kila mgeni aliulizwa kama amekuja kumwona mjamzito.

Jumapili moja alasiri Kelele aliwaita wenzake wa bendi ya zamani. Walikaa sebuleni, wengine mlangoni, na yeye akasimama mbele ya kasha lake lililokaa juu ya miguu mirefu ya stendi, akacheza kwa saa moja na dakika ishirini. Dada alijua dakika hizo kwa sababu alikuwa nyuma ya wote, macho hayaangalii mikono ya mdogo wake, yanaangalia magoti. Hayakukunjika. Watu walipoondoka, Kelele akajitupa kitini, jasho linamtiririka, uso unang'aa.

"Dada," akasema, "baada yangu nani atalicheza hili?"

"Utalicheza wewe."

"Nimesema baada yangu."

"Usinianze."

"Nikifunga macho nikijua litanyamaza, nitafunga vibaya. Nakuomba unijibu tu."

"Mimi vidude hivyo sivijui," dada akasema, akaingia jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Hilo ndilo lilikuwa ombi lake pekee, na alilirudia kila baada ya wiki chache, kwa mzaha, kwa upole, mara moja kwa hasira. Dada kila mara alikuwa na vikombe vya kuosha. Alijua anachoulizwa. Akikubali kulirithi kasha, atakuwa amekubali na lile lingine, na midomo yake ilikuwa haiwezi.

Baada ya miezi minne Kelele alianza kuliegemea kasha badala ya kulicheza, na siku moja stendi iliteleza naye akaenda nayo chini. Hakuumia sana. Nusu Inchi akaja nyumbani na msumeno ili kuipunguza miguu ifae mtu aliyekaa kwenye stuli ndefu. Dada alifungua bomba la jikoni mpaka mwisho asisikie msumeno. Aliporudi, vipande vinne vya mti vilikuwa sakafuni, kila kimoja urefu wa shubiri. Akaviokota, akaviweka kwenye kapu lake la mabaki ya vitambaa. Fundi cherehani hatupi kipande.

Kisha kikaja kiti cha magurudumu, na Nusu Inchi na msumeno wake. Safari hii ndugu wakagombana. Dada alikuwa amekwisha pima, ameweka alama ya chaki kwenye kila mguu, mahali ambapo kasha lingepita juu ya magoti ya mdogo wake kwa nafasi nzuri. Kelele akazitazama zile alama, akatikisa kichwa.

"Chini zaidi," akasema. "Vidole vitatu chini ya hapo."

"Magoti yatagonga tumbo la kasha."

"Yagonge."

"Itabidi ukae upande upande, utacheza vipi? Acha ukaidi. Nimepima!"

"Stendi ni yako au yangu?"

Hakuwahi kumsemesha hivyo tangu azaliwe. Nusu Inchi aliwatazama wote wawili, msumeno mkononi, na Kelele akamwambia, "Mzee, kata ninapokwambia." Akakata.

Ikawa kama dada alivyosema. Magoti yaligonga tumbo la mjamzito, kiti kikawa kinawekwa kando, na Kelele hakuvifikia vitufe vya safu ya pili hata kidogo. Si kwamba vingemsaidia sana, maana kufikia hapo hata kile kidole kimoja kilikuwa kimechoka. Basi dada akawa anavuta kiti chake cha cherehani, anakaa mbele ya kasha, na mdogo wake akiwa pembeni anamwelekeza.

"Kulia kidogo. Kidogo, Dada! Hufungui bomba."

"Si umesema kulia?"

"Nimesema kidogo. Sasa uchomoe ule waya wa njano, uchomeke tundu la tatu. Hilo ni la nne."

"Unanionea bure. Matundu yote yana sura moja."

"Hata wateja wako walikuwa na sura moja mpaka ulipowapima."

Walikaa hivyo kila alasiri, baada ya dada kufunga kazi. Alijifanya anafanya kwa ajili ya mgonjwa, na ilikuwa kweli, lakini masikio yake yalianza kuchagua. Siku moja alizungusha kitufe kabla hajaambiwa na Kelele akasikiliza, akasema, "Friji imepona." Dada alijivuna wiki nzima na hakumwambia mtu.

Alasiri nyingine alikuwa anajishonea blauzi, nayo ilimbana mgongoni kama kawaida. Ndiyo dhiki ya mafundi wote wa nguo, anaweza kupima mtaa mzima, mgongo wake mwenyewe haufikii. Kelele alipokuwa mdogo ndiye aliyepanda kigoda na futi akampima, akisoma namba kwa sauti kubwa kama anatangaza mpira. Baada ya yeye kukua hakuna mtu aliyempima dada tena.

"Ningekupima," Kelele akasema kutoka kwenye kiti chake. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu.

"Najua," dada akasema.

Mwisho ukawa kitanda. Nusu Inchi alikuja kwa mara ya tatu, safari hii kwa sababu kasha lilitakiwa lilingane na godoro, ili Kelele aweze kuliona akiwa amelala ubavu. Sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono. Akamwomba dada akachemshe chai, na dada akaenda, bomba akalifungua. Lakini aliporudi na sinia, miguu ilikuwa imekwisha kuwa mifupi na sakafu imefagiwa.

"Vipande viko wapi?"

"Nimevichukua," Nusu Inchi akasema, akifunga mfuko wake.

"Vya nini?"

"Nina kazi navyo."

Dada alimsindikiza mlangoni bila kumuaga vizuri. Mawazoni alimwona akivitia motoni kuchemshia gundi, na akamchukia, yeye na inchi zake.

Wiki tatu zilizofuata mnong'ono nao ulikwisha. Wakatumia macho. Macho yakienda kulia, dada alizungusha kulia. Yakienda kushoto, kushoto. Yakifumba mara moja, basi, hapo hapo. Alipiga magoti sakafuni mbele ya kasha lililolingana na godoro na mara kwa mara aligeuka kumtazama. Jumanne moja, saa nane mchana, walikuwa na sauti moja ndefu, nene, inayopanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala. Dada akageuka kuuliza. Macho yalikuwa wazi, yametulia mbele. Akangoja. Akangoja yamwambie kulia au kushoto, mkono uko kwenye kitufe, na sauti ikaendelea kupanda na kushuka, na alingoja muda mrefu sana kabla ya kukubali kwamba hayatamwambia tena.

Jirani wa ukuta mmoja ndiye aliyeingia, kwa sababu alikuwa amezoea sauti ibadilike na safari hii haikubadilika. Ndiye aliyechomoa umeme.

Watu walikuja, wakalia, wakaondoka. Dada akarudi kwenye cherehani. Kasha aliliacha pale pale kando ya kitanda kitupu, waya hata mmoja hakuugusa, akalishonea nguo ya kulifunika, na safari hii alipima na kina. Kulifuta vumbi ilibidi apige magoti. Kukaa mbele yake haikuwezekana, lilikuwa chini mno, na alijiambia kwamba ni sawa, limekwisha, limenyamaza kama mwenyewe alivyoogopa. Mtu alimwomba kitu kimoja tu, na yeye aliosha vikombe.

Wiki ya sita, mchana, Nusu Inchi akabisha hodi. Alikuwa na gunia dogo. Hakusalimia sana, alikwenda moja kwa moja chumbani, akaligeuza gunia, na vipande vinne vya mti vikaanguka sakafuni. Kila kimoja kilikuwa kimetiwa pini ya chuma kichwani na kufungwa pete ya bati.

"Siku ile ya mwisho sikukata ovyo," akasema. "Aliniambia nikate kama mtu atakayerudisha. Aliniambia ningoje mpaka uanze kulifuta vumbi. Jirani yako amenipa habari."

Akalala chini ya kasha, akatoboa miguu mmoja mmoja, akaingiza pini, akakaza. Kasha likapanda. Palipoungwa palibaki mstari mweusi kuzunguka kila mguu.

"Vuta kiti chako," akasema akijipangusa.

"Kiti gani?"

"Cha cherehani, dada. Una kingine?"

Akakivuta, akakaa. Viwiko vyake vikashuka na kutua vyenyewe ukingoni mwa kasha, mgongo umenyooka, mabega yamelegea, vitufe vyote vya safu ya kwanza na ya pili viko mahali mkono unapokwenda bila kutafuta. Hapakuwa na kitu cha kusogeza. Akageuka.

"Huu ndio urefu wa kile kiti cha magurudumu. Urefu ule aliogombana nami."

"Haukuwa wa kiti chake," Nusu Inchi akasema. "Ulikuwa wako. Nilikuja mapema siku ile ya ugomvi, wewe ulikuwa bado sokoni, akanionyesha mahali pa kukata. Nikamuuliza amekupima lini, akaniambia amekutazama ukikaa miaka ishirini na sita. Nikamwambia magoti yake yatagonga. Akasema magoti hayo hayahisi tena, acha yagonge."

Dada alifumbata ukingo wa kasha kwa mikono miwili. Katika safu ya pili lilikuwepo lile pengo aliloling'ang'ania mwenyewe, tupu, linangoja moduli ambazo hakuna aliyezinunua. Akachomeka umeme. Nyaya zilikuwa zilivyokuwa, vitufe vilikuwa vilivyokuwa, na sauti ile ile ya Jumanne ikaanza kupanda na kushuka, nene, polepole. Akaweka kidole. Kulia kidogo, kidogo tu, hakufungua bomba. Sauti ikafunguka, na yeye akalia kwa sauti kubwa, hakuiziba kwa mkono wala kwa maji ya jikoni.

Nusu Inchi hakujua aweke wapi mikono yake. Akakusanya bisibisi, akakusanya kekee, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, na akauliza swali lake la siku zote.

"Ipo sawa, au nipunguze nusu inchi?"

"Usipunguze," dada akasema. "Mzee wangu, usipunguze tena kitu."